Mafuta ya Ngozi si Uchafu

Mtoto mchanga hazaliwi mtupu. Kwenye mikunjo ya shingo, kwapani, kinenani na mgongoni huwa na utando mweupe, mzito kama krimu, unaoteleza mikononi mwa mkunga. Wapo wanaouona utando huo kuwa ni uchafu. Katika baadhi ya jamii husemwa hata kwamba ni mabaki ya mbegu za baba, ishara kwamba wazazi waliendelea kukutana kimwili mimba ikiwa kubwa, na kwa hiyo ni aibu inayopaswa kuoshwa upesi kabla majirani hawajaja kutoa hongera. Maji huinjikwa, sabuni huletwa, mtoto husuguliwa. Muda mfupi baadaye huonekana msafi, lakini mwili wake umepoa.

Utando ule haukutoka kwa baba. Umetengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe katika miezi ya mwisho ya mimba, na sehemu kubwa ya mafuta yake imetoka katika tezi ndogo zisizoonekana kwa macho: tezi za mafuta. Tezi hizo hizo ndizo zitakazomletea chunusi atakapobalehe, ndizo zitakazolinda macho yake yasikauke, na ndizo zitakazopunguza kazi atakapozeeka. Makala haya yanaeleza kazi ya tezi hizo kwa binadamu na kwa wanyama, na madhara yanayotokea pale mafuta yake yanapochukuliwa kuwa ni uchafu wa kupigwa vita.

Kiwanda kilichomo ndani ya ngozi

Ngozi ya binadamu ina aina mbili kuu za tezi. Tezi za jasho hutoa maji yenye chumvi ili kuupoza mwili. Tezi za mafuta hutoa mchanganyiko mzito unaofanana na nta iliyoyeyuka. Nyingi kati ya tezi za mafuta zimeshikamana na mashina ya vinyweleo: kila tezi ni kifuko kidogo kilicho kando ya tundu ambamo unywele huota, na mafuta yake hupanda kupitia tundu hilo hadi juu ya ngozi. Usoni na kichwani tezi hizi ni nyingi mno, kati ya 400 na 900 katika sentimita moja ya mraba. Mikononi na miguuni ni chache zaidi. Kwenye viganja na nyayo hazipo kabisa, jambo ambalo umuhimu wake utaonekana mbele.

Utendaji wa tezi hizi ni wa pekee. Seli ya kawaida ya tezi ya jasho hutoa jasho na kuendelea kuishi. Seli ya tezi ya mafuta hujijaza mafuta kidogo kidogo, hutanuka, hatimaye hupasuka na kufa, na yaliyokuwa ndani yake ndiyo yanayokuwa mafuta ya ngozi. Nyuma yake seli nyingine changa huwa tayari zimeanza safari hiyo hiyo, ambayo huchukua yapata wiki mbili hadi tatu. Ni vema ukweli huu ukakumbukwa na kila mgonjwa wa chunusi anayekata tamaa baada ya kutumia dawa kwa siku tano.

Zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni trigliseridi na asidi za mafuta, takriban robo ni nta, na takriban asilimia 12 ni skwalini. Mchanganyiko huu hulainisha ngozi na nywele na kusaidia kuzuia maji ya mwili yasipotee ovyo. Bakteria wasio na madhara waishio katika ngozi huvunja trigliseridi na kuachia asidi za mafuta, ambazo husaidia kuifanya ngozi iwe na uchachu kidogo. Uchachu huo haupendwi na vimelea vingi vya maradhi. Mojawapo ya asidi hizo huitwa asidi ya sapieni, jina lililotokana na jina la kisayansi la binadamu, Homo sapiens, nayo ina uwezo wa kudhoofisha bakteria aina ya stafilokokasi, ambao ni chanzo cha majipu mengi. Sabuni ya kawaida ya mche ina sifa iliyo kinyume cha uchachu. Anayejisugua uso kwa sabuni kali mara nne au tano kwa siku huondoa mafuta, na pamoja nayo huondoa sehemu ya kinga.

Mwenye kuziamuru tezi hizi ni homoni, hasa zile za kundi la androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo. Mtoto anapozaliwa tezi huwa zina nguvu kwa sababu ya homoni alizopata akiwa tumboni. Ndiyo maana baadhi ya watoto wachanga huwa na vidoadoa vya manjano puani, au hata chunusi chache za mashavuni, ambazo huisha zenyewe. Baada ya miezi michache tezi husinyaa na kutulia kwa miaka kadhaa. Huamka tena balehe inapokaribia. Kwa wanawake hupungua nguvu baada ya kukoma hedhi. Kwa wanaume huweza kuendelea kufanya kazi vizuri hadi uzeeni kabisa.

Vazi la kwanza la mtoto

Utando mweupe wa mtoto mchanga ni maji kwa takriban asilimia 80. Zinazobaki ni mafuta na protini, karibu nusu kwa nusu. Ndani ya mimba humkinga mtoto asiharibiwe na majimaji anayoelea ndani yake kwa miezi mingi. Akishazaliwa, huendelea kulainisha ngozi yake na kuipatia protini zenye uwezo wa kupambana na bakteria na fangasi. Mtoto aliyezaliwa mapema mno kabla ya wakati wake mara nyingi huwa na utando kidogo au hana kabisa, na ngozi yake nyembamba hupoteza maji na joto kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kuhusu huduma baada ya kujifungua ulielekeza kwamba mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Na pale mila zinapozuia kusubiri muda huo, angalau zipite saa 6. Mwongozo wa mwaka 2022 ulikariri saa 24. Mtoto anapaswa kukaushwa mara tu anapozaliwa, hasa damu na majimaji, kisha awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa. Kukausha ni tofauti na kusugua utando hadi uishe.

Hapa ndipo lugha ya mkunga inapokuwa dawa. Mwenye kauli juu ya maji ya kwanza ya mtoto mara nyingi si mama aliyechoka kitandani, bali ni bibi au shangazi aliyekuja kumsaidia. Kumwambia kwa ukali kwamba mila yake ni mbaya humfanya anyamaze hospitalini na kuogesha mara tu afikapo nyumbani. Lakini akiamkiwa kwa heshima na kuambiwa, "Bibi, huu si uchafu, ni mafuta ya mjukuu wako mwenyewe; tumwache nayo hadi kesho yasije yakamtoka na joto lake," huwa amepewa sababu anayoweza kuwapelekea na wengine. Na mama aliyekuwa akiogopa maneno ya watu huwa ameondolewa aibu isiyo yake.

Wanyama na mafuta yao

Binadamu hayuko peke yake katika kutegemea mafuta ya ngozi. Bata akitoka majini huonekana akigeuza shingo na kupitisha mdomo juu ya mkia, kisha akiupitisha katika manyoya. Hapo juu ya mkia pana tezi ya mafuta, nayo ni kile kinundu ambacho wapishi wengi hukikata wanapomwandaa kuku au bata. Mafuta yake huyafanya manyoya yawe laini, yasikatike, na yaendelee kushikana vizuri ili maji yasipenye. Si ndege wote wanaoitegemea: mbuni, kwa mfano, hana tezi hiyo.

Kondoo naye hutoa nta nyingi inayoshikamana na sufu yake na kuikinga dhidi ya mvua. Sufu inapooshwa viwandani, nta hiyo hukusanywa na kusafishwa, nayo huitwa lanolini. Mwaka 1882, nchini Ujerumani, wanakemia Otto Braun na Oscar Liebreich walipata hataza ya namna ya kuitayarisha, na tangu hapo imeingia katika marhamu nyingi. Mama anayenyonyesha na kupata michubuko ya chuchu huweza kushauriwa kupaka lanolini safi. Hata vitamini D3 iliyomo katika vidonge vingi hutengenezwa kutokana na lanolini kwa kuimulika kwa mionzi ya urujuanimno. Mafuta ya ngozi ya mnyama, kwa hiyo, yamekwisha kuingia katika makabati ya dawa ya binadamu.

Kwa wanyama wengine tezi za ngozi ni sauti isiyosikika. Digidigi, swala mdogo wa nyika za Afrika Mashariki, ana tezi mbele ya kila jicho. Hutoa ute mweusi wenye kunata, naye huuacha kwenye ncha za vijiti na nyasi ili digidigi wengine wajue kwamba eneo lile lina mwenyewe.

Funzo kubwa zaidi huenda linatoka kwa mnyama asiye na tezi hizi. Ngozi ya tembo wa Afrika haina tezi za mafuta wala za jasho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba nyufa nyembamba zilizotapakaa katika ngozi yake huiwezesha kushika maji na tope mara tano hadi kumi zaidi kuliko ngozi laini ambayo ingekuwa tambarare. Tembo anapojigaragaza topeni hachezi tu: anajipaka kile ambacho ngozi yake haiwezi kukitengeneza, ili isikauke na isiunguzwe na jua.

Balehe, chunusi na mkorogo

Vijana walio wengi, yapata 8 kati ya 10, hupata chunusi kwa kiasi fulani. Chanzo chake ni mambo manne yanayoshikana. Kwanza, homoni za balehe huziamuru tezi zitoe mafuta kwa wingi. Pili, seli za ngozi zilizokufa hushikamana na kuziba mdomo wa tundu la unywele. Tatu, bakteria waitwao Cutibacterium acnes, ambao ni wakazi wa kawaida wa ngozi, huongezeka ndani ya tundu lililozibwa. Nne, mwili huitikia kwa uvimbe na maumivu. Hakuna hata moja kati ya hayo manne linalotokana na kutonawa. Kile kidoa cheusi kionekanacho katika tundu lililoziba si vumbi. Ni mafuta na rangi ya ngozi yenyewe vilivyobadilika kwa kukutana na hewa. Wala chunusi si ishara ya tabia mbaya, au ya kuhitaji kuoa au kuolewa, kama vijana wanavyotaniwa.

Katika ngozi nyeusi, chunusi ikipona mara nyingi huacha doa jeusi linaloweza kukaa kwa miezi mingi. Wagonjwa wengi husumbuliwa na doa kuliko walivyosumbuliwa na chunusi yenyewe, na hapo ndipo mlango wa hatari hufunguka. Rafiki au muuzaji wa vipodozi hupendekeza mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kuing'arisha ngozi. Mara nyingi ndani yake mna steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, haidrokwinoni, na wakati mwingine zebaki.

Steroidi humdanganya mtumiaji. Katika wiki za mwanzo hutuliza uvimbe, uso ukawa laini na mweupe, na sifa zikaja. Kisha ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huonekana, michirizi hutokea, na chunusi mpya nyingi za aina moja huzuka, zikiletwa na dawa ile ile. Anapoacha, uso huwaka moto na kuvimba, naye huirudia krimu akidhani ndiyo tiba. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuifanya ngozi iwe na weusi wa rangi ya samawati usiotibika kwa urahisi. Zebaki hupenya ngozini na kuharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka zuio la vipodozi vyenye zebaki, lakini zuio la kimataifa halimfikii mtu aliyeshika kopo lisilo na maelezo ya kilichomo.

Tiba iliyo salama ipo na wala si ya ajabu. Chunusi za kawaida huanza kutibiwa kwa dawa za kupaka: benzoili peroksaidi, au zile za jamii ya retinoidi kama adapalini na tretinoini. Zikizidi, daktari huweza kuongeza antibayotiki ya kumeza kama doksisaiklini kwa muda wenye kikomo, na siyo peke yake, kwa kuwa bakteria huzoea dawa. Chunusi kubwa zinazoacha makovu huhitaji aisotretinoini, ambayo huzisinyaza tezi zenyewe. Dawa hii humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, hivyo haipewi mjamzito. Mwanamke anayeitumia hutakiwa kuzuia mimba mwezi mmoja kabla ya kuanza, muda wote wa matibabu, na mwezi mmoja baada ya kumaliza. Retinoidi nyingine pia huepukwa wakati wa ujauzito.

Mgonjwa anapaswa kuambiwa mapema kwamba nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Katika muda huo anawe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, asiminye chunusi, ajikinge na jua linalokoza madoa, na aepuke mafuta mazito ya nywele yanayotiririkia kwenye paji la uso na kuziba vinyweleo.

Dalili zinazotafsiriwa vibaya

Kuna tezi za mafuta ambazo hazina unywele. Huonekana kama vipunje vidogo vya rangi ya maziwa au manjano kwenye midomo, ndani ya mashavu, kwenye uume au kwenye mashavu ya uke. Daktari wa Marekani aitwaye John Addison Fordyce alivieleza mwaka 1896, na vimebaki na jina lake. Haviumi, haviwashi, haviambukizi. Hata hivyo, wapo wanaoviona kwa mara ya kwanza na kuamini kwamba wameambukizwa ugonjwa wa zinaa. Wengine hugombana na wenzi wao, wengine hununua antibayotiki kwa siri. Uchunguzi mfupi na maneno machache ya hakika yangeweza kuiokoa ndoa.

Katika kope za macho nako zimo tezi za mafuta, zilizoelezwa na Mjerumani Heinrich Meibom mwaka 1666. Kila mtu anapopepesa, tezi hizo hutandaza mafuta membamba juu ya machozi ili yasikauke haraka. Zikiziba, macho huwasha na kuhisi kama yana mchanga. Zikishambuliwa na bakteria, huweza kutokea chokea. Kitambaa safi kilicholowekwa katika maji ya vuguvugu, kikibandikwa juu ya kope iliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10 mara kadhaa kwa siku, hulainisha mafuta yaliyoganda. Kukamua si tiba.

Mba wa kichwani na magamba yenye mafuta kando ya pua, kwenye nyusi na nyuma ya masikio hutokea mahali palipo na tezi nyingi, ambapo fangasi aitwaye Malassezia hujilisha mafuta ya ngozi. Dawa za fangasi kama ketokonazoli humtuliza. Lakini hali hii ikiwa kali, ikienea mwilini au ikirudi kila mara, mtoa huduma anapaswa kukumbuka kwamba imo katika orodha ya dalili za hatua ya pili ya maambukizi ya VVU kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa ashauriwe kupima kwa faragha na kwa staha. Krimu pekee, bila ushauri huo, huweza kumchelewesha mtu kuanza dawa zitakazomwokoa.

Mahali ambapo mafuta hayapo

Imetajwa kwamba viganja na nyayo havina tezi za mafuta. Sehemu hizo hutegemea jasho ili zisikauke. Kwa mgonjwa wa ukoma ambaye neva zake zimeharibika, jasho hukoma, ngozi ya nyayo hukakamaa na kupasuka, na kwa kuwa hasikii maumivu, ufa mdogo hugeuka kidonda kinachoweza kumgharimu vidole. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni humo njiani hiyo hiyo, ila hatua zake hutofautiana. Mwenye ukoma hufundishwa kuloweka miguu katika maji yasiyo ya moto kwa takriban dakika 20 hadi 30 kila siku, kuisugua taratibu sehemu iliyokakamaa, kisha kupaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mwenye kisukari aoshe miguu bila kuiloweka kwa muda mrefu, aikaushe vizuri hasa kati ya vidole, na apake mafuta juu na chini ya mguu, siyo katikati ya vidole. Wote wawili waikague miguu kila siku.

Vivyo hivyo kwa aliyeungua. Ikiwa moto haukufika chini kabisa, seli zilizosalia katika mashina ya vinyweleo huizalisha upya ngozi ya juu. Ikiwa uliteketeza ngozi yote, kovu linalobaki halina vinyweleo wala tezi. Hukauka na kuwasha, na huhitaji kupakwa mafuta kila siku hata baada ya kidonda kufunga. Mzee ambaye tezi zake zimechoka huhitaji vivyo hivyo: aoge kwa maji ya vuguvugu, asijisugue kwa dodoki gumu, na apake mafuta yasiyo na manukato mara tu baada ya kuoga.

Swali moja la mtoa huduma

Wagonjwa wengi wa ngozi hawaonwi kwanza na daktari bingwa. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa fani hii tangu mwaka 1992, lakini mgonjwa hukutana kwanza na mhudumu wa zahanati, mkunga, au muuzaji wa duka la dawa. Kwa hiyo, kabla ya kuandika dawa yoyote ya ngozi, swali moja halipaswi kukosekana: "Umekuwa ukipaka nini?" Liulizwe kwa upole, bila kicheko na bila lawama, na mgonjwa aombwe kuja na makopo yote anayotumia. Aliyekuwa akitumia steroidi kwa muda mrefu asiambiwe kuacha ghafla na kuachwa peke yake. Apangiwe namna ya kupunguza na tarehe ya kurudi, ili siku uso utakapovimba ajue kwamba hilo lilitarajiwa, na kwamba yupo anayemsubiri.